Nauli, nafasi ya magoti na usalama: abiria wa ndege analipia nini hasa?

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake. Juni 2025 orodha hiyo ikapanuliwa, ikayabeba mashirika yote yenye cheti cha Tanzania. Mwezi huohuo, tarehe 12, ndege ya Air India ikaanguka Ahmedabad ikiwa na watu 242, akanusurika mmoja. Tangu hapo mazungumzo ya usafiri wa anga yamekuwa kapu moja: nauli ghali, siti zimebana, ndege zenyewe haziaminiki, sasa tunalipia nini?

Malalamiko hayo ni matatu, na kila moja lina wake wa kuulizwa. Nauli inaamuliwa na soko, tozo na mikataba ya nchi na nchi. Starehe inaamuliwa na shirika, linapopanga siti ngapi ziingie ndani ya bodi moja. Usalama, kwa sehemu kubwa, unaamuliwa na serikali: nani anakagua mashirika na anakagua kwa uzito gani. Ukiyachanganya utalipa zaidi ukidhani umenunua usalama, au utaikimbia ndege ndogo isiyo na kosa lolote.

Maneno machache kwanza. Nauli ya msingi ni fedha inayobaki kwa shirika. Kodi na tozo ni fedha ambazo shirika hukusanya kwa niaba ya serikali na viwanja vya ndege. Cheti cha uendeshaji ni kibali ambacho mamlaka ya anga ya nchi hulipatia shirika ili liruhusiwe kubeba abiria; kwa Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA, kwa Kenya ni KCAA. Na nafasi ya siti, ile inayotajwa kwa inchi, hupimwa kutoka sehemu fulani ya siti yako hadi sehemu hiyohiyo ya siti ya mbele. Unene wa siti umo ndani ya kipimo hicho, kwa hiyo inchi 31 hazimaanishi magoti yako yana inchi 31.

Kwa nini nauli ya Nairobi ni ghali kuliko inavyostahili

Marekani iliacha kupanga nauli za ndege kwa amri ya serikali mwaka 1978. Ulaya ikafungua soko lake hatua kwa hatua miaka ya 1990. Matokeo yake ni kwamba shirika la Ireland linaweza kuruka kati ya Italia na Poland bila kuomba ruhusa ya pekee, na nauli za huko, ukiondoa mfumuko wa bei, zimeshuka sana. Afrika ilikubaliana jambo linalofanana mjini Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, mwaka 1999, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko la pamoja la usafiri wa anga. Utekelezaji ndio umesuasua. Njia nyingi bado zinaongozwa na mikataba ya nchi mbili mbili inayotaja mashirika gani yaruke na mara ngapi kwa wiki. Njia yenye mashirika mawili tu haina sababu kubwa ya kushusha bei.

Juu ya hapo kuna tozo. Nyingi hutozwa kwa kichwa, kwa dola, bila kujali umbali. Anayekwenda Nairobi kutoka Dar es Salaam, safari ya dakika tisini hivi, anaweza kutozwa sawa na anayekwenda Mumbai. Katika tiketi ya dola 900 tozo hiyo hata huioni. Katika tiketi ya dola 200 inauma. Kisha mafuta: kwa kawaida yanakula robo hadi theluthi ya gharama za shirika, na Afrika yanauzwa juu ya wastani wa dunia. Ndege yenyewe hukodishwa au hununuliwa kwa dola, vipuri ni kwa dola, huku abiria wa ndani wanalipa kwa shilingi.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Ndege huingiza fedha ikiwa angani tu. Shirika la bei nafuu la Ulaya huishusha ndege, huipakia na kuirusha tena ndani ya dakika 25 hadi 30, na ndege moja hufanya safari sita au nane kwa siku. Kwetu, kiwanja kisicho na taa za njia ya kurukia hufungwa jua linapozama, na ndege yenye deni la mamilioni ya dola hulala. Deni halilali.

Ndiyo maana dhana kwamba mashirika yanatajirika kwa nauli hizi haisimami. IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ulikadiria faida ya mwaka 2024 kuwa kama dola 7 kwa kila abiria duniani kote. Kwa mashirika ya Afrika ilikuwa karibu dola moja. Chupa ya maji pale kiwanjani inaweza kumletea muuzaji faida kubwa kuliko wewe unavyomletea aliyekurusha.

Siti moja, bei kumi

Jirani yako wa siti ya pili amelipa nusu ya ulicholipa. Hujaibiwa. Siti za daraja la kawaida hugawanywa kwenye mafungu ya bei, na kila fungu lina herufi yake, ambayo utaiona kwenye tiketi. Fungu la chini lina siti chache. Zikiisha, programu ya mauzo inapandisha bei hadi fungu linalofuata. Zikionekana haziuziki, fungu la chini hufunguliwa tena. Kwa hiyo ule ushauri wa kununua Jumanne usiku, au wa kufuta kumbukumbu za kivinjari ili "wasikujue", hauna msingi wa kutegemea. Kinachobadilika ni idadi ya siti zilizobaki kwenye fungu na siku zilizobaki kabla ya safari.

Ila kuna mtego mmoja wa kweli. Ukitafuta tiketi za watu wanne kwa pamoja wakati fungu la bei ya chini limebakiwa na siti mbili, mifumo mingi huwapandisha wote wanne kwenye fungu la juu, kwa sababu hutafuta bei moja inayowatosha wote. Tafuta kwanza kwa mtu mmoja, kisha wawili, kisha wanne. Bei ya kichwa ikiruka kati ya hatua hizo, nunua kwa makundi. Kama kuna mtoto, hakikisha mtoto yumo kwenye kundi moja na mzazi, vinginevyo mnaweza kutenganishwa siti, au hata safari, ikitokea mabadiliko.

Bei ya fungu inakuja na masharti, na hapo ndipo abiria wengi wanapoumia. Tiketi ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kupakia, haibadilishwi tarehe, na hairudishwi. Sharti linalowashangaza watu kuliko yote ni hili: usipopanda kipande cha kwanza cha safari, vipande vilivyobaki hufutwa, pamoja na kurudi. Aliyenunua Mwanza–Dar–Dubai na kurudi, akaamua kwenda Dar kwa basi, atafika kaunta ya Dar na kuambiwa hana safari. Kama mpango umebadilika, lipigie shirika kabla ya ndege ya kwanza kuondoka. Baada ya hapo huwa umechelewa.

Vilevile pima tiketi moja dhidi ya tiketi mbili tofauti. Safari ya kuunganisha iliyo kwenye tiketi moja, ikichelewa kipande cha kwanza ukaikosa ndege ya pili, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukiwa umejinunulia vipande viwili kwa mashirika mawili ili kuokoa dola 80, ya pili ikikuacha hasara ni yako. Ukishindwa kuepuka hilo, jiwekee saa nne au tano katikati, na ujue kwamba huenda ukalazimika kuchukua begi na kulipakia upya, jambo ambalo katika baadhi ya nchi linataka viza ya kuingia.

Nafasi iliyopotea ilikwenda wapi

Chukua ndege yenye safu 30, siti sita kila safu. Punguza inchi moja kila safu: umepata inchi 30, sawa na safu nzima ya siti sita za kuuza kila safari. Hesabu hiyo ndiyo iliyoshusha nafasi ya siti hadi inchi 30 au 31 kwa mashirika mengi, na 28, yaani sentimita 71, kwa yale ya bei ya chini kabisa. Siti za sasa ni nyembamba mgongoni, kwa hiyo magoti hayakupoteza inchi zote hizo. Makalio ndiyo yaliyolipia kwa sifongo iliyopunguzwa.

Upana nao umeliwa. Boeing 777 ilianza na siti tisa kwa safu katika mashirika mengi. Leo kumi ndiyo kawaida. Boeing 787 ilichorwa kwa starehe ya siti nane, ikaishia kuwekwa tisa karibu kila mahali. Ndege hiyohiyo, 787-8, ina siti 262 kwa Air Tanzania na 234 kwa Kenya Airways. Sehemu ya tofauti hiyo ni ukubwa wa daraja la biashara, lakini inaonyesha kwamba jina la ndege halikuambii utakaaje. Cha ajabu ni kwamba Airbus A220 ya Air Tanzania, ndege ndogo yenye siti 132, ina siti pana kuliko 787: inchi 18 na ushee dhidi ya 17 na kidogo. Imepangwa mbili upande mmoja na tatu upande wa pili, na siti ya katikati ndiyo pana kuliko zote. Ukipangiwa katikati, usinung'unike haraka.

Kuna starehe iliyoongezeka pia, na haki itendeke. Ndani ya ndege za zamani hewa hubanwa kama uko mlimani kwenye mita 2,400. Ndani ya 787 ni kama mita 1,800, na unyevu ni mwingi kidogo, ndiyo maana kichwa hakiumi sana baada ya saa tisa. Na hofu kwamba mnavuta pumzi za wagonjwa saa zote haina uzito wanaoupa watu: hewa ya kabini hubadilishwa yote kila dakika mbili au tatu hivi, karibu nusu ikitoka nje na nusu ikipitia vichujio vya HEPA vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo za mikroni 0.3. Hatari iliyobaki ni ya jirani anayekukoholea usoni. Ya miguu ni ya kweli: kukaa zaidi ya saa nne bila kusogea kunaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Simama, kanyaga vidole na visigino kwa zamu, na kama umetoka kufanyiwa upasuaji au ni mjamzito, muulize daktari kabla ya safari ndefu.

Usalama hauuzwi kwa daraja

Aliyelipa dola 3,000 na aliyelipa 600 wako kwenye bodi moja, nyuma ya marubani walewale. Wala nauli ya chini si dalili ya ndege mbovu: Ryanair, iliyoanza mwaka 1985 na ambayo abiria wake hawaishi kuilaumu kwa ubahili, haijapoteza abiria hata mmoja kwa ajali. Kwa upande wa pili, Ethiopian Airlines, shirika linaloheshimika, ilipoteza watu 157 Machi 2019 kwenye safari ya Addis Ababa–Nairobi, 32 kati yao Wakenya. Boeing 737 MAX 8 ile ilikuwa mpya, ya miezi michache. Ilikuwa na mfumo uitwao MCAS uliotegemea sensa moja tu, yaani kifaa kimoja cha kupimia. Sensa ikidanganya, mfumo unaisukuma pua ya ndege chini. Miezi mitano nyuma watu 189 wa Lion Air ya Indonesia walikuwa wamekufa kwa kasoro hiyohiyo. Mamlaka ya Marekani ilikuwa imemwachia mtengenezaji sehemu kubwa ya kujikagua.

Kwa jumla, hata hivyo, hali ni bora mno kuliko zamani. Utafiti wa Arnold Barnett wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, unaonyesha kwamba kati ya 1968 na 1977 abiria mmoja alikufa kwa kila safari 350,000 za abiria. Kati ya 2018 na 2022 ni mmoja kwa kila milioni 13.7. Tusijidanganye, wastani huo si wetu wote. Utafiti huohuo unagawa nchi kwenye makundi matatu, na kundi la tatu, ambamo zimo nyingi za Afrika, lina hatari zaidi ya mara 30 ya kundi la kwanza. Nalo limeboreka, ila pengo lipo.

Pengo hilo ndilo linalozungumzwa na orodha ya Ulaya. Wengi wameielewa kama hukumu kwamba ndege zetu ni mbovu. Ifikirie kama stika ya usalama barabarani: ikigundulika kwamba wanaokagua magari hawatoshi, au wanabandika stika bila kufungua boneti, askari wa mkoa wa jirani ataacha kuziamini stika zote, hata ile ya gari zima kabisa. Kilichotajwa Juni 2025 ni upungufu wa wakaguzi wenye sifa na udhaifu wa usimamizi wa mamlaka. Ndiyo maana hata mashirika yasiyoruka kwenda Ulaya yameingizwa. Indonesia iliwekwa kwenye orodha hiyo mwaka 2007. Shirika lake la Garuda likatolewa 2009, na nchi nzima ikatoka 2018. Kinachotoa nchi humo ni ajira na mafunzo ya wakaguzi, taratibu zinazofuatwa na rekodi zinazoonekana. Ndege mpya pekee hazitoshi.

Kwa abiria, orodha haizuii safari za ndani. Inamgusa kwa njia nyingine: baadhi ya bima za safari hazilipi kwa shirika lililo kwenye orodha, kwa hiyo soma masharti. Na kwa safari iliyouzwa kama sehemu ya safari inayoanzia Ulaya, muuzaji anatakiwa akutajie shirika litakalorusha ndege yenyewe. Likiingia kwenye orodha baada ya kununua, una haki ya kurudishiwa fedha au kutafutiwa njia nyingine.

Neno kuhusu "pangaboi". Ndege za Dash 8 na ATR zinadharauliwa kwa mapanga yake, kana kwamba ni teknolojia ya babu. Injini inayozungusha panga lile ni turbini, ndugu wa injini ya jeti. Zinatumika kwa sababu zinakula mafuta kidogo kwenye safari fupi na zinatua kwenye njia fupi. ATR 42 ya Precision Air iliyoanguka Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 wakafa kati ya 43, ilikuwa ikijaribu kutua kwenye hali mbaya ya hewa, na waliowahi kuifikia ni wavuvi. Swali zito la siku ile ni boti za uokoaji, kwenye kiwanja kilicho ukingoni mwa ziwa.

Mtikisiko nao hauvunji mabawa. Huwavunja wasiofunga mkanda: Mei 2024 abiria mmoja alifariki na wengi wakaumia kwenye Boeing 777 ya Singapore Airlines kutoka London. Acha mkanda umefungwa hata taa ikizimwa. Na kutua kwa kishindo si lazima kuwe uzembe. Kwenye njia yenye maji rubani hutua kwa nguvu makusudi ili matairi yashike lami.

Yaliyo mikononi mwako

Dakika tatu za mwanzo na nane za mwisho ndizo za kuwa macho: viatu miguuni, vipokea sauti chini, umehesabu safu kutoka kwenye siti yako hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma, kwa sababu moshi unaziba macho lakini mkono unaweza kuhesabu siti. Ndege hupewa kibali baada ya kuonyesha kwamba watu wote wanatoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Jaribio hilo halina mtu anayevuta begi. Januari 2, 2024, Tokyo, watu 379 walitoka wote wakiwa hai kwenye Airbus A350 ya Japan Airlines iliyokuwa inawaka, mizigo waliiacha.

Jaketi la kuokolea usilijaze hewa ukiwa ndani. Novemba 1996 ndege ya Ethiopian iliyotekwa ilishuka baharini Komoro. Waliojaza majaketi mapema walielea hadi darini maji yalipoingia wakashindwa kuifikia milango. Watu 125 kati ya 175 walikufa.

Betri la kuchajia simu, pawabenki, halipakiwi chini kwenye mizigo. Liwe mkononi, na lisizidi wati-saa 100. Kama limeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: la 20,000 ni 74, linaruhusiwa, la 30,000 ni 111, litahitaji kibali cha shirika. Emirates imepiga marufuku kuyatumia ndani ya ndege tangu Oktoba 1, 2025. Usiliweke juu kwenye kabati, kwa sababu likianza kufuka hutaliona mapema.

Na mzigo ukipotea kwenye safari ya kimataifa, Mkataba wa Montreal, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unaweka ukomo wa fidia kuwa SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, karibu dola 2,000, tangu Desemba 28, 2024. Usitoke kiwanjani bila kujaza fomu ya mzigo na kupewa namba yake. Begi lililoharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipoonekana kwa siku 21, linahesabiwa limepotea. Kwa kuchelewa kwa safari yenyewe, ukiondokea kiwanja cha Umoja wa Ulaya kwa shirika lolote, au ukienda huko kwa shirika la Ulaya, fidia ni kati ya euro 250 na 600 ukifika umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa lililo ndani ya uwezo wa shirika. Anayetoka Nairobi kwenda Amsterdam kwa KLM analindwa. Kwa Kenya Airways halindwi na sheria hiyo, ila akirudi kwa Kenya Airways kutoka Amsterdam analindwa. Tunza kipande cha tiketi na risiti za chakula na hoteli. Shirika likikaa kimya, Tanzania kuna baraza la watumiaji wa huduma za anga, TCAA CCC, linalopokea malalamiko. Na mlango wa mahakama chini ya Mkataba wa Montreal hufungwa baada ya miaka miwili.